Kompyuta nne, watu kumi na mmoja: tupange foleni kwa programu ipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kituo chetu cha utafiti hapa Kigoma kina kompyuta nne kubwa zilizounganishwa, ambazo watu kumi na mmoja tunazitumia kukokotoa mikondo ya maji ya Ziwa Tanganyika na kuchambua takwimu za samaki. Zamu tunaandikishana kwenye daftari. Mwezi uliopita kazi ya mwenzetu mmoja ilimaliza kumbukumbu (RAM) yote ya mashine, na kazi yangu iliyokwisha kwenda siku tatu ikafa nayo. Tumetajiwa programu tatu za kupanga foleni ya kazi za kompyuta: Slurm, OpenPBS na HTCondor, zote za bure. Tuchague ipi, ukizingatia kwamba umeme nao hukatika? – Msomaji, Ujiji

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kazi iliyopotea. Kwa kuwa mashine zenu ni chache, zinafanana na zimetengwa kwa kazi hiyo tu, chagueni Slurm. HTCondor, iliyoanza miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison kwa jina la Condor, hung'ara penye maelfu ya kazi ndogo zisizotegemeana, hasa kwenye kompyuta za ofisini zinazokaa bure usiku. Kazi moja inayotaka mashine zote nne kwa pamoja, kama hiyo ya mikondo ya ziwa, huiendesha kwa taabu. OpenPBS, yenye asili yake NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ingewafaa pia, na kama yupo kati yenu anayeijua tayari, sitawazuia.

Ila Slurm yenyewe haitawasaidia kitu mpaka kila mmoja aseme kazi yake inataka kumbukumbu kiasi gani na muda gani. Kwenye mipangilio ya Slurm wekeni chaguo la CR_Core_Memory, ili kumbukumbu igawiwe kama vichakataji vinavyogawiwa. Kisha washeni task/cgroup, inayoizungushia kila kazi mipaka yake, pamoja na ConstrainRAMSpace, inayoweka mpaka wa kumbukumbu, ili kazi inayovuka kiasi ilichoomba ikatishwe peke yake, bila kuangusha za jirani. Hayo ndiyo yangeiokoa kazi yako.

Kuhusu muda, tuseme mashine tatu zina kazi itakayokwisha saa kumi na mbili jioni, na kazi ya mikondo inazisubiri ili ipate zote nne. Mashine ya nne iko wazi. Saa nane mchana wewe unatuma uchambuzi wa saa mbili: Slurm inaona kwamba utakwisha saa kumi, kabla zamu ya kazi ya mikondo haijafika, basi inakupitisha, kama wapakiaji wa bandari ya Kibirizi huko Kigoma wanavyopenyeza kifurushi kidogo kati ya magunia bila kuichelewesha mashua. Usipotaja muda, na muda wa juu unaoruhusiwa kwenye foleni ukiwa siku saba, kazi yako huhesabiwa kuwa ya siku saba, nayo itasubiri huku mashine ikikaa bure. Kwa hiyo, kwa asiyetaja muda, wekeni muda wa kawaida ulio mfupi, kwa mfano saa moja, na anayetaka zaidi aombe mwenyewe.

Umeme ukirudi, foleni itakuwepo, kwa sababu Slurm huiandika kwenye diski, na kazi zilizokatika zinaweza kurudishwa foleni. Lakini zitaanza mwanzo, isipokuwa programu yako ya ukokotoaji iwe inahifadhi hatua iliyofikia na kujua kuendelea kutoka hapo. Kwa kazi ya siku tatu, ihifadhi kila baada ya saa chache, na mashine inayosimamia foleni iwe ya kwanza kupewa betri ya akiba.