Uliza Kwanza Nani Aliyesema: Kwa Anayeanza Kufuatilia Ukoo wa Wakulima wa Iowa

Mke wangu anatoka katika ukoo wa wakulima wa Iowa, Marekani. Mama mkwe alipotimiza miaka 80 aliniomba nimwandikie asili ya kwao, maana wanawe hawakuwa na nafasi na mimi alikuwa ameniona nikikaa na makaratasi bila kuchoka. Nilidhani ni kazi ya wiki chache. Huu ni mwaka wa tisa, na katika muda huo nimewasaidia watu wengine kadhaa wenye koo za namna hiyohiyo. Waswahili wenzangu waliooa au kuolewa huku, na vijana wanaopata kazi ya kunakili rekodi za zamani, huniuliza waanzie wapi. Haya ndiyo ninayowaambia.

Anza na walio hai, na usiahirishe. Kaa na mzee, uliza majina, makaburi yako wapi, walisali kanisa gani, na nani alibaki na shamba baba alipofariki. Andika kama anavyosema, hata tarehe zikigongana. Kisha nenda kwenye sensa ya karibuni iliyo wazi, ambayo ni ya 1950. Majina ya sensa ya Marekani hufungwa kwa miaka 72, ndiyo maana hiyo ilifunguliwa Aprili 2022. Tovuti ya FamilySearch inakuonyesha kurasa hizo bure. Kutoka hapo rudi nyuma miaka kumi kumi bila kuruka. Anayeruka kutoka 1940 hadi 1880 kwa sababu ameona jina analolijua, mara nyingi huwa amehamia ukoo wa watu wengine bila habari.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningetamani mtu angeniambia siku ya kwanza. Kila mstari wa sensa ni maneno ya mtu fulani. Karani alifika shambani na daftari lake, akamkuta aliyemkuta. Pengine alikuwa mama mwenye nyumba na mikono imejaa unga, pengine kijana wa miaka 15. Wenyewe wakiwa hawapo, jirani aliulizwa. Katika sensa ya 1940 karani aliweka alama ya x ndani ya duara mbele ya jina la mtu aliyetoa maelezo, na nakusihi uitafute alama hiyo kila unapofungua ukurasa wa mwaka huo. Miaka mingine mingi hakuna alama, inabidi ujiulize mwenyewe: hapa alisema nani, na alikuwa na njia gani ya kujua?

Kabla hujamtuhumu mtu kudanganya umri, angalia pia siku ya sensa. Mwaka 1900 hesabu ilikuwa ya tarehe 1 Juni, mwaka 1910 ya tarehe 15 Aprili, mwaka 1920 ya tarehe 1 Januari. Mtu aliyezaliwa Mei 1890 atasomeka ana miaka 10, kisha 19, kisha 29. Hakuna aliyekosea. Mwanafunzi mmoja niliyemsaidia alikuwa amemgawa mtu huyo kuwa ndugu wawili.

Kila sensa ina kitu chake, na ukikijua hutapoteza siku kutafuta kisichokuwepo. Kabla ya 1850 utaona jina la mkuu wa kaya peke yake, wengine wote ni tarakimu tu. Kuanzia 1850 watu huru wote wana majina. Lakini uhusiano wa mtu na mkuu wa kaya ulianza kuandikwa 1880. Kwa hiyo mtoto unayemkuta ndani ya nyumba mwaka 1870 usimwite mwana. Anaweza kuwa mpwa, yatima wa jirani, au kijana wa kibarua anayelala hapo wakati wa mavuno. Kwenye mashamba hawa wa vibarua walikuwa wengi, na wamewapoteza watafiti wengi.

Kwa familia zilizotoka Ujerumani kuna jambo ambalo huwashangaza wageni: rekodi ya zamani zaidi mara nyingi ndiyo sahihi zaidi kuhusu mahali. Nchi ile iliungana mwaka 1871. Babu yule yule ambaye sensa ya 1900 inasema alizaliwa Ujerumani, basi, sensa ya 1870 inaweza kukuambia alizaliwa Hanover au Mecklenburg. Tofauti hiyo ndiyo itakayokufikisha kwenye vitabu vya kanisa alikobatizwa.

Sensa ya 1890 usiitegemee. Iliharibiwa na moto wa Januari 1921 katika jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington, na kilichosalia ni vipande vichache. Pengo la miaka 20 kati ya 1880 na 1900 limemeza watoto waliozaliwa na kufa, wasichana walioolewa wakabadili majina, na familia nzima zilizohama. Wa Iowa tuna bahati: jimbo lilifanya sensa zake lenyewe mwaka 1885 na 1895, na nyingine baadaye. Ile ya 1925 ni hazina. Inataja majina ya baba na mama wa kila mtu, na jina la mama la kwao kabla ya kuolewa. Mzee wa miaka 75 aliyehesabiwa mwaka huo anaweza kukupa majina ya wazazi waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1800, ng'ambo ya bahari. Kansas na Minnesota nazo zilikuwa na sensa za jimbo, kwa hiyo kama ukoo wako ni wa huko, ulizia.

Wengi huishia kwenye orodha ya watu wakaacha orodha ya kilimo. Kwa ukoo wa wakulima huo ni upotevu mkubwa. Mwaka 1850, 1860, 1870 na 1880 karani alijaza karatasi nyingine kwa kila shamba lenye ukubwa au mapato ya kutosha: ekari zilizolimwa na zisizolimwa, thamani ya shamba, farasi, ng'ombe wa maziwa, nguruwe, busheli za mahindi na ngano, pauni za siagi. Ya 1880 inasema kama mkulima alimiliki shamba, alilikodi kwa fedha, au alilima kwa kugawana mazao na mwenye ardhi. Ukiiweka ya 1870 kando ya ile ya 1880 unaona familia ikiinuka au ikianguka. Mimi niliona ekari zikiongezeka huku farasi wakipungua. Sijaipata sababu na sitaibuni.

Tazama safu ya siagi kwa makini. Kwenye orodha ya watu, mke wa mkulima ameandikiwa kazi ya kutunza nyumba, kwa maneno mawili matatu yanayorudiwa ukurasa mzima. Kwenye orodha ya kilimo, pauni mia kadhaa za siagi zilizotengenezwa mwaka huo kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono yake na ya mabinti zake. Niliposoma tarakimu hizo nikamsomea mama mkwe, alikaa kimya muda mrefu. Bibi yake alimfundisha kusukasuka maziwa.

Kama ukoo unaoufuatilia ni wa wakulima Weusi wa majimbo ya kusini, jiandae kwa ukuta wa 1870. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza kuwaandika kwa majina wale walioachiwa huru. Mwaka 1850 na 1860 orodha za watumwa zilitaja mwenye kuwamiliki, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtu, na karibu kila mahali jina halipo. Utalazimika kufuata ardhi na mirathi ya yule mmiliki, mikataba ya kazi ya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na rekodi za Benki ya Freedman, benki ya walioachiwa huru, ya 1865 hadi 1874, ambamo baadhi ya wateja walitaja wazazi, ndugu na mahali walipolelewa. Kazi hiyo ina uzito wake moyoni. Usiifanye kwa haraka, na usiifanye peke yako kama unaweza kupata mwenzako.

Tanzia zina ladha nyingine. Sensa inakupa familia siku moja, tanzia inakupa maisha mazima, lakini yamesimuliwa na mtu mwenye majonzi au na mhariri aliyekuwa na nafasi ndogo gazetini. Uliza tena: nani alisema? Mke wa pili akisimulia, mke wa kwanza huweza kutoweka kabisa. Mwaka wa kuvuka bahari hukumbukwa vibaya, na mji wa kuzaliwa huandikwa kwa namna ambayo mchapaji aliusikia. Mambo ya karibu na kifo, kama siku ya mazishi, kanisa, na watoto waliobaki na wanakoishi, kwa kawaida ni ya kuaminika. Mimi hulipima kila dai kwa swali moja: huyu msemaji alikuwepo?

Wanawake kwenye tanzia za zamani huitwa kwa majina ya waume zao, hata la kwanza. Ukiona orodha ya mabinti, huna majina yao, una majina ya wakwe. Usikate tamaa, maana pamoja na mji wanakoishi hilo linatosha kukupeleka kwenye sensa inayofuata na kumpata binti akiwa na jina lake. Halafu kuna maneno ya undugu. Hapo sisi tulio na Kiswahili tunaweza kuona ambacho wenzetu wanapita. Kiingereza kina neno moja kwa mjomba, baba mkubwa na baba mdogo, na neno moja linalobeba shangazi, mama mkubwa na mama mdogo. Ninapotafsiri tanzia kwenye daftari langu najilazimisha kuchagua neno la Kiswahili. Nikishindwa kuchagua, najua nimekuta swali: je, huyu ni wa upande wa mama au wa baba? Swali hilo limenifungulia matawi mawili ya ukoo huu.

Magazeti mengi ya vijijini yalitoka mara moja kwa wiki, kwa hiyo tafuta wiki mbili tatu baada ya kifo, pia gazeti la mji wa jirani, na kwa familia za Kijerumani gazeti la Kijerumani kama lilikuwepo. Maktaba ya Bunge la Marekani ina magazeti mengi ya kusoma bure kwenye mkusanyo wake wa mtandaoni uitwao Chronicling America. Jina lisipopatikana, ujue mashine iliyosoma maandishi yale hukosea herufi zilizofifia. Tafuta kwa jina la kitongoji au la jirani. Usidharau safu za habari ndogondogo za vitongoji, fulani ametembelewa na dada yake kutoka Nebraska. Huyo dada huenda usimpate mahali pengine popote.

Kosa langu kubwa lilitoka hapo. Nilikuta tanzia ya Februari 1884, jina sawa, kaunti sawa, umri karibu sawa, nikaifunga kwenye faili la babu wa babu wa mke wangu. Nikajenga juu yake miezi mitano: wazazi, meli, kijiji. Kisha nikafungua sensa ya Iowa ya 1885 nikamkuta mtu wangu yupo hai, na mke wake na watoto wake wote. Walikuwa wawili wenye jina moja, kila mmoja na kitongoji chake. Nilikuwa nimewaandikia wazee wa familia barua zenye taarifa za mtu mwingine, na ilinibidi niwaandikie tena kuomba radhi. Tangu siku hiyo simkubali mtu kwa jina. Ninamkubali kwa mke, watoto, ardhi na majirani. Jina linafanana kirahisi. Majirani watano wa upande huu na watano wa upande ule hawafanani. Nakili majirani hao kila sensa. Wakulima walioozeana watoto na kusaidiana walikaa karibu karibu, na mara nyingi aliye shamba la pili ndiye baba wa mke.

Naomba nimalizie na ukurasa mmoja wa 1900. Sensa hiyo iliuliza kila mama amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Kwa bibi wa mama mkwe karani aliandika 11, kisha 7. Tanzia yake inataja saba tu, na mama mkwe maisha yake yote alihesabu saba. Nilianza kuwatafuta wanne. Mvulana mmoja yumo kwenye sensa ya 1870, ana mwaka mmoja, na 1880 hayupo. Msichana wa miaka mitatu nilimpata kwenye orodha ya vifo iliyofanywa pamoja na sensa ya 1880, iliyoandika waliokufa katika miezi 12 iliyotangulia: dondakoo, Novemba. Wa tatu ni mchanga wa sensa ya jimbo ya 1885, na ya 1895 haimtaji. Wa nne hayumo popote. Kati ya mtoto wa 1888 na wa 1893 kuna pengo, naye naamini ni wa hapo. Hana ubatizo, hana jiwe, hana mstari gazetini.

Karani wa 1900 hakuweka alama ya nani alimjibu. Lakini baba hakumtaja mtoto huyo popote katika mirathi wala katika Biblia ya familia, na jirani asingemkumbuka. Naamini aliyesema 11 mlangoni siku ile alikuwa mama mwenyewe. Kwenye karatasi ya mama mkwe tumechora mistari 11. Kumi ina majina.