Kuondoa rangi kuukuu kwenye milango na madirisha ya mbao bila kudhuru watu wala mti

Nyumba aliyotuachia bibi yetu iko Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mlango wake wa mbele ni wa msaji, una mbawa mbili, misumari ya shaba na mfaa (ubao wa katikati, mbawa zinapokutana) uliochongwa nakshi ya mnyororo, lakini ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka hata pete za mnyororo huo zikawa kama uvimbe tu. Nilimwita fundi, akaja na grenda. Kabla ya adhuhuri ubawa wa kushoto na nusu ya mfaa vilikuwa vimeshatoka rangi, kingo za nakshi zimelika, na vumbi la kijani limetanda mpaka kwenye mkeka wa ukumbini, ambako mpwa wangu wa miezi 10 alikuwa akitambaa. Nilipomnyanyua, viganja vyake vilikuwa vya kijani, na kimoja kilikuwa kimeshaingia mdomoni.

Nilisimamisha kazi siku hiyo hiyo, na haya ninayoyaeleza ndiyo niliyojifunza baadaye, kwa kuuliza na kwa kufanya mwenyewe.

Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi ili zing'ae, zikauke haraka na zidumu. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, lakini katika nchi nyingi ziliendelea kuuzwa kwa miaka mingi baada ya hapo. Rangi ya aina hiyo haina madhara makubwa ikiwa imetulia ukutani au mlangoni. Hatari huanza inapokuwa vumbi, magamba au moshi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, hujificha mifupani kwa miaka, humfikia mtoto aliye tumboni kupitia kwa mama yake, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo, kama huna njia ya kuipima rangi yako, ichukulie kuwa ina risasi.

Ndiyo maana sishauri grenda wala msasa mkavu, hata kama fundi atakuambia kazi itakwisha leo. Moto wa bomba la gesi nao usiukubali kabisa, kwani huigeuza risasi kuwa moshi wa kuvutwa, na katika nyumba zetu zenye boriti za mikoko zilizokauka, cheche moja inatosha kuteketeza nyumba na ya jirani.

Njia niliyoifuata ni ya maji. Tulizifungua mbawa za madirisha kwenye bawaba, tukazipeleka uani na kuzilaza juu ya turubai la nailoni, huku watoto na dada yangu mjamzito wakiwa wamehamia kwa shangazi. Nilinyunyiza maji kwa chupa, nikakwangua kwa chuma chenye makali kufuata mkondo wa mti, nikanyunyiza tena kila palipoanza kukauka. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili. Tafuta ile ya mpira yenye vichujio vya P3 au P100, ikukae vizuri usoni.

Kwenye nakshi chuma hakifiki, kwa hiyo hapo dawa ya kuondolea rangi inahitajika. Soma kopo kabla hujalipa: ukiona jina daiklorometheni au methilini kloraidi, liache dukani, kwani mvuke wake umeua watu waliofanya kazi katika vyumba vilivyofungwa. Chukua ile ya ujiuji mzito isiyo na kemikali hiyo, ipake kwa wingi, ifunike kwa nailoni ili isikauke, kisha subiri kwa saa zilizoandikwa kwenye kopo. Mimi nilikosa subira mara mbili, nikabandua mapema, nikalazimika kurudia. Rangi ikishalainika, ichokonoe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha na brashi ya nailoni. Kostiki soda wanayotengenezea sabuni inaondoa rangi kweli, lakini huunguza ngozi na macho, huufanya msaji kuwa mweusi na kulegeza gundi ya viungo, kwa hiyo mimi siitumii.

Usifagie. Kunja turubai kwa ndani, pangusa sakafu kwa matambara mabichi, fua nguo za kazi peke yake, na magamba yafunge katika mifuko miwili. Usiyachome wala kuyamwaga kwenye bustani.

Kwa mlango unaotazama barabarani ndani ya Mji Mkongwe, pitia kwanza Mamlaka ya Hifadhi, maana nyumba hizi zina masharti yake. Na ukinunua rangi mpya, uliza kama risasi yake haizidi sehemu 90 kwa milioni, kiwango ambacho Umoja wa Mataifa unazishauri nchi kukiweka kisheria.

Sisi hatukupaka rangi tena. Tuliupaka mlango mafuta ya kitani, na matambara tuliyotumia tukayaanika moja moja nje, kwa sababu yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe. Asubuhi jua linapoupiga, upande wa kulia wa mfaa unaweza kuhesabu pete zote za mnyororo. Upande wa kushoto, palipopita grenda, pete 4 hazikurudi.