Kila saa nane ni saa ngapi?

Swali la wiki hii linauliza: "Uandishi ni kipaji. Je, kuna haja ya kuusomea hadi shahada ya uzamili?" Mimi naisoma hiyo shahada, ya uandishi wa kikazi, nikiwa hapa hapa Tanga. Nasema haja ipo, na kilichonishawishi ni karatasi moja.

Miaka michache iliyopita nilikuwa naandika vipeperushi vya mradi wa afya. Kimoja kilihusu dawa ya maji ya watoto. Niliandika: "Mpe kijiko kimoja kila masaa manane." Rasimu ikaenda kwa mhariri, ikarudi "masaa" limekatwa kwa wino mwekundu, maana wingi wa saa ni saa. Kisarufi alikuwa sahihi. Nikarekebisha, ikachapwa: "kila saa nane." Baadaye nikakutana na mama mmoja wa Makorora aliyeifuata karatasi ile neno kwa neno. Alimpa mwanawe kijiko saa nane mchana, kisha akaamka saa nane usiku akampa tena. Mara mbili kwa siku badala ya tatu. Hakukosea kusoma, kwa sababu katika Kiswahili chetu cha kila siku, kila saa nane ni kila inapogonga saa nane. Mtoto alipona, lakini baada ya kurudishwa hospitali na kuanza dawa upya. Kosa lile liliniuma sana. Nilikuwa na digrii ya kwanza ya Kiswahili na sarufi naijua, ila hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba sentensi inaweza kuwa sanifu na bado ikampoteza msomaji.

Hilo ndilo linalosomewa. Wengi wakisikia shahada ya uandishi huwaza riwaya na mashairi. Uandishi wa kikazi ni fomu ya mkopo, maelekezo ya dawa, mwongozo wa mashine, ripoti, barua ya benki kwa mteja. Marekani fani hii imeota mizizi. Carnegie Mellon kule Pittsburgh, kwa mfano, wana shahada ya uzamili yenye jina hilo, na mwaka 2010 nchi ile ilitunga sheria inayozitaka idara za serikali ya shirikisho ziwaandikie wananchi kwa lugha inayoeleweka. Kwetu, mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Nilifurahi sana. Lakini hati hizo zote lazima ziandikwe na mtu, na zisomwe na bibi aliyeitwa kwenye baraza la ardhi kwa ajili ya kiwanja chake.

Darasani kuna zoezi moja lililonibadilisha. Unampa msomaji karatasi yako, yeye anasoma kwa sauti, wewe unakaa kimya. Huruhusiwi kueleza chochote. Nilimpelekea bi mkubwa mmoja, jirani yangu. Tulikuwa barazani kwake. Akasogeza ungo wa mchele pembeni, akavaa miwani, akaanza kusoma taratibu, kidole kikipita chini ya mstari. Kilipofika "hakikisha anamaliza dozi", kikasimama.

"Mwanangu, hii dozi ni chupa au ni siku?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakumbuka sharti, nikanyamaza. Alinitazama, akangoja, alipoona sijibu akaendelea na mstari uliofuata. Neno "dozi" nilikuwa nimelitumia miaka sita bila kujiuliza. Sasa karatasi inasema: "Mpe saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Mpe kwa siku 7, hata kama ameshapona."

Kuna hoja ambayo hapa Tanga huikwepi: Shaaban Robert, mwana wa Machui, uzamili aliusomea wapi? Kweli, hakuusomea. Kipaji chake sikigusi. Lakini alikuwa karani wa forodha toka 1926 hadi 1944, miaka 18 ya kushika kalamu kila siku ya kazi. Mhitimu wa leo nani anampa miaka 18 ya kujifunzia? Anaonyeshwa meza na kompyuta, anaambiwa ripoti inatakiwa Ijumaa.

Sitaki kumdanganya mtu kuhusu ugumu wake. Nasoma kwa mtandao, katika chuo cha Marekani. Kipindi chao cha saa kumi na mbili jioni, miezi ya baridi yao, kwangu ni saa nane usiku. Machi wakisogeza saa mbele, kinakuwa saa saba. Umeme ukikatika, nategemea simu na bando. Ada hulipwa kwa krediti, yaani kipimo cha ukubwa wa kozi, na shahada nyingi za aina hii kule huwa na krediti 30 hadi 36, kwa hiyo nachukua kozi moja moja kadiri mfuko unavyoruhusu. Kukopa kwa ajili yake sishauri. Na mtu ambaye hajawahi kuandika kazini namwomba afanye hivyo kwanza, walau miaka miwili, ili aende na maswali yake mwenyewe.

Kinachonichosha zaidi ni lugha. Vitabu vyote ni vya Kiingereza na kanuni zake ni za Kiingereza. Vinasisitiza umtaje mtendaji, upunguze maneno. Sisi tukisema "utampa", mtendaji, wakati na anayepewa wote wamo ndani ya neno moja. Kila kazi naiandika mara mbili, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, ili isahihishwe. Natamani sana siku moja fani hii ifundishwe kwa Kiswahili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na waliobobea katika lugha hii.

Kazi yangu ya mwisho nimeamua iwe juu ya neno "masaa". Nimeanza na maduka ya dawa ya Ngamiani. Wauzaji watatu niliowasikiliza hadi sasa, wakimpa mteja dawa, wote wanasema "kila baada ya masaa manane", na mteja anaitikia bila kuuliza.