Skrini nyeusi ya xrdp ilinitesa siku nne, jana imefunguka

Jana saa sita usiku nilipiga ukelele peke yangu chumbani. Nilikuwa nahangaika na xrdp, programu ya Linux inayokuwezesha kuitumia ukiwa kwenye mashine nyingine, na sasa desktopu ya Linux imetokea yote ndani ya laptopu yangu ya Windows na mausi inatembea vizuri kabisa! Kuna jamaa nilikuwa nafanya naye kazi aliwahi kuniambia mbele za watu kwamba haya mambo siyawezi, na mpaka leo bado inaniuma.

Mwanzo nilitaka kinyume chake, nikae kwenye Linux niitumie Windows kwa mbali. Nikaweka Remmina, programu ya Linux ya kuingia kwenye mashine za mbali, nikaandika IP (namba ya mashine kwenye mtandao), inagoma. Nikabadilisha paswedi, nikazima faiwoli, nikarestati weee, kumbe Windows yangu ni Home, na Home inaweza kuingia kwenye mashine nyingine kwa RDP (njia ya Microsoft ya kutumia kompyuta kwa mbali) ila yenyewe haiingiliki, mpaka uwe na Pro. Siku mbili zimeishia hapo. Jamani angalieni toleo kwanza kabla hamjagusa kitu.

Nikageuza, Linux ndo ikawa ya kuingiliwa. Nikaweka xrdp, nikafungua poti 3389, yaani mlango wa RDP kwenye mtandao, ikaniomba jina na paswedi, nikaweka, skrini nyeusi tii. Nimeifuta na kuiweka upya mara tatu! Kumbe akaunti ileile nilikuwa nimeiacha wazi kwenye mashine yenyewe, na desktopu nyingi za Linux hazitaki mtu mmoja awe na desktopu mbili wazi kwa wakati mmoja. Nikalogauti kule, nikajaribu tena huku, ikafunguka.

Lakini kuna kosa lingine nalisema kwa uchungu. Ile 3389 nilikuwa nimeifungua mpaka kwenye ruta ili niingie nikiwa nje, nilipokuja kusoma logi, yaani rekodi za nani kajaribu kuingia, nikakuta IP nisizozijua zinajaribu kuingia kwa jina la root, la admin, yale ya wasimamizi wa mashine, usiku kucha. Niliifunga mikono inatetemeka. Ndugu zangu msiiachie poti hiyo kwenye intaneti, wekeni VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani) kama WireGuard au pitisheni kwenye SSH, muunganisho mwingine uliofungwa kwa siri. Wenye Mac vilevile, yenu ni VNC, njia nyingine ya kutumia skrini kwa mbali, poti 5900, na VNC ya kizamani inasoma herufi 8 tu za paswedi hata ukiandika 20. Tusome logi, tuache uvivu, hata kama mtu kakwambia huwezi.

Halafu zima slipu kwenye mashine unayoiacha nyumbani, yangu ililala leo asubuhi nikiwa njiani.