Melatonini inapunguza stresi kweli? Namjibu dada aliyeniuliza

Kuna dada kaniandikia juzi, kazi imemzidi, usingizi hapati, anauliza akimeza melatonini, ile homoni ya usingizi inayouzwa kama vidonge, itamtuliza au la. Nimeona nijibu hapa maana mko wengi mnaopambana na maisha huku usingizi umewakimbia.

Mimi kipindi nahangaikia kupanda cheo nilikuwa nalala macho makavu, moyo unadunda mpaka nausikia kwenye mto, na nikisema naambiwa najidekeza. Hilo neno linaniuma mpaka leo. Daktari ndo alinielewa, akanianzishia melatonini miligramu 2 jioni, na usingizi ulipokaa sawa nikaanza kuingia kwenye vikao sauti haitetemeki. Cheo nilikipata, na najivunia sana.

Sasa ikoje? Melatonini ubongo unaitengeneza wenyewe giza likiingia, kwenye kitezi kidogo kinaitwa pineali. Kotisoli, ile homoni ya stresi, inakwenda kinyume chake, usiku inakuwa chini halafu inapanda alfajiri na kufika kileleni kama nusu saa baada ya kuamka. Ukikesha, kesho yake jioni kotisoli inagoma kushuka, ndo maana kitu kidogo tu unapandisha hasira. Kidonge hakikuondolei bosi wala madeni, kinauambia tu mwili kwamba usiku umeingia, na mwili uliolala ndo unaomudu stresi. Kuhusu kushusha kotisoli moja kwa moja tafiti zinapingana, ila kwa wagonjwa wanaosubiri operesheni imeonekana kupunguza wasiwasi.

Kwa hiyo jamani, meza saa moja au mbili kabla ya kulala na simu weka mbali, maana mwanga unazima melatonini yako ya asili, sasa unameza ya nini kama unaperuzi mpaka usiku wa manane? Usikimbilie dozi kubwa, kichwa kitauma na asubuhi utaamka mzito. Na simu weka mbali, narudia. Lebo nazo msiziamini kihivyo, Kanada mwaka 2017 walipima vidonge 31 tofauti wakakuta vingine vina melatonini pungufu kwa zaidi ya 80%, vingine imezidi zaidi ya mara 4.

Wewe dada uliyeniuliza, ukiwa unatumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, au fluvoxamine ya sonona, usimeze kabla hujaongea na daktari wako, hizo zinagongana na melatonini.