Mtaa wetu una jina la nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tunaishi Geuzenveld, magharibi ya Amsterdam, mtaa uitwao Dr. H. Colijnstraat. Mwanangu ameambiwa shuleni aandike habari za mtu mwenye jina la mtaa wake. Mzee ninayemhudumia kazini ameniambia tu: "Ndiye aliyetuambia tulale, kesho yake Wajerumani wakaingia." Ni kweli? Na mtoto aandike nini?
Mama wa watoto wawili, Amsterdam

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzee wako anasimulia kama Waholanzi wengi wanavyosimulia, lakini tarehe zimemchanganya. Hendrikus Colijn, akiwa waziri mkuu wa Uholanzi, alizungumza redioni tarehe 11 Machi 1936, siku nne baada ya majeshi ya Hitler kuingia Rhineland, eneo la magharibi ya Ujerumani lililokatazwa kuwa na majeshi. Aliwaomba wasikilizaji wakalale kwa utulivu kama usiku mwingine wowote. Uholanzi ilivamiwa Mei 1940, na wakati huo alikwisha kuondoka madarakani. Miaka minne watu wameikunja ikawa usiku mmoja.

Alizaliwa 1869 huko Haarlemmermeer, mtoto wa mkulima, kwenye ardhi iliyokuwa ziwa hadi lilipokaushwa. Akawa mwanajeshi katika koloni lililo Indonesia ya leo, kisha mbunge, waziri wa vita, mkurugenzi katika kampuni ya mafuta, na waziri mkuu mwaka 1925, tena kuanzia 1933 hadi 1939. Wakati wa mdororo wa uchumi aling'ang'ania kuifunga guilder, sarafu ya Uholanzi, kwenye thamani ya dhahabu mpaka Septemba 1936, huku wasio na kazi wakipanga foleni kila siku kugongewa mhuri ili wapate posho.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonikaa moyoni. Mwaka 1894 Colijn alikuwa luteni kijana katika vita vya kisiwa cha Lombok. Alimwandikia mkewe barua: wanawake tisa na watoto watatu waliokuwa wakiomba huruma, aliwakusanya pamoja, wakapigwa risasi wakafa. Ilikuwa kazi isiyopendeza, aliandika, lakini haikuwezekana vinginevyo. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi na kila mara nakwama kwenye hesabu. Aliwahesabu. Tisa na watatu. Majina yao hayakuandikwa, lake liko kwenye kibao cha mtaa wenu.

Barua hiyo ilijulikana kwa umma mwaka 1998 tu, wasifu wake ulipochapishwa, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake. Waliompa mtaa hawakuwa wameisoma. Walimkumbuka kiongozi aliyekamatwa na Wajerumani mwaka 1941 na kufia uhamishoni, Ilmenau huko Ujerumani, Septemba 1944. Hilo nalo ni kweli, lisifutwe. Ila nasikitika kwamba mwaka 1940, nchi ilipokwisha kuanguka, yeye mwenyewe aliandika kwamba Ulaya ingeongozwa na Ujerumani. Baadaye ndipo akabadilika.

Kwa hiyo mtoto aandike redio, foleni ya mhuri, barua, na Ilmenau. Usimfiche Lombok kwa kuwa ni mdogo. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo watoto. Asichanganye tu na Colijnsplaat, kijiji cha Zeeland: hicho ni cha zamani mno, hakihusiani na huyu. Na mwalimu wake akiuliza Lombok ni wapi, amwonyeshe ramanini, mashariki ya Bali, ng'ambo ya mlango wa bahari.