Kwa wewe uliyejiunga na kanisa juzi

Karibu. Miezi ya kwanza utafurahia kila kitu. Ukishaingia kwenye kwaya au kamati, utaanza kuwafahamu watu.

Mwaka wangu wa pili, mzee mmoja wa kanisa alisema mbele ya kikao kizima kwamba hesabu zangu za sadaka hazieleweki. Zilikuwa sahihi, alikuwa amesoma ukurasa wa mwezi uliotangulia. Hakuniomba radhi. Nikakaa nyumbani Jumapili tisa.

Aliyenirudisha ni mama mmoja wa kwaya ambaye hatukuwahi kuzidisha salamu. Alikuja na daftari la nyimbo nililolisahau kwenye benchi, akaketi, akanijulia hali, wala hakugusia kikao. Akiwa mlangoni akasema, "Sauti ya tatu imepwaya."

Niliporudi nilimwendea yule mzee peke yake, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza. Ningefanya hivyo wiki ile ile, kabla sijawasimulia watu sita! Hapa nakusihi usinifuate. Kila anayesimuliwa huongeza chumvi, na jambo la watu wawili hugeuka kambi mbili. Mzee alifungua daftari la hesabu, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akanyamaza kitambo. "Nilikukosea," akasema. Hatujawa marafiki wa kushibana, lakini hadi leo tunahesabu sadaka pamoja.

Tafuta jioni moja usome 1 Wakorintho yote kwa mkupuo. Huyu anajiita wa Paulo, yule wa Apolo; ndugu wanapelekana mahakamani; kwenye chakula cha Bwana mmoja ana njaa, mwingine amelewa. Hao ndio Paulo aliowaita kanisa la Mungu, akamshukuru Mungu kwa ajili yao, kisha akawakemea waziwazi. Na yeye mwenyewe alikosana na Barnaba kwa sababu ya Marko hadi wakatengana (Matendo 15), lakini katika 2 Timotheo 4 anaagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa. Wanaotamani kanisa la kwanza huishia sura ya 2 ya Matendo. Sura ya 6 wajane wanasahaulika katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko yameshaanza.

Lakini kuvumilia madhaifu si kufunika uovu. Mtu akimdhuru mtoto, akimlazimisha mwingine kimapenzi, au akila fedha za waumini, usikubali kuambiwa "tumwombee tu". Mlinde aliyeumizwa, peleka habari polisi. Ukizuiwa kusema, ondoka huko bila kujilaumu.

Kwa yale mengine, yaani majivuno, umbea, vikao visivyokwisha, ubaguzi mdogo wa nani akae mbele, usibaki mtazamaji. Mtu anayekuja kusikiliza na kuondoka huona makosa tu, kwa sababu hajakaa na mtu yeyote muda wa kutosha kuona kingine. Omba kazi ndogo. Kama hujui pa kuanzia, Jumapili hii bakia dakika kumi baada ya ibada, usaidie kupanga viti.